Kabla hujatuma hela ya pochi, nisikilize kwanza

Assalam aleikum wapenzi wangu, na ndugu zangu wa Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Niko jikoni kwangu hapa Firenze, Italia, saa tano usiku, nimetoka kazini sasa hivi, hata viatu sijavua. Nimesema silali kabla sijarekodi hii video, kwa sababu wiki kadhaa zilizopita da' mkubwa alinipigia kutoka Tanga analia.

Naeleza kwa ruhusa yake. Aliona ukurasa mmoja mtandaoni, pochi za Louis Vuitton zimepunguzwa bei asilimia 80. Picha nzuri, na chini watu wameandika, "Nimepokea mzigo wangu, asanteni." Akachagua Speedy, ile iliyojaa kama kibegi cha safari, akatuma shilingi 850,000 kwa simu. Hela ya mchezo ile, zamu yake ameisubiri miezi kumi. Mzigo ukafika. Akawasha kamera anionyeshe, na mimi kabla hajasema neno nilishajua.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua kazi yangu. Niko kwenye ghala la nguo na pochi zinazouzwa mtandaoni, kitengo cha mizigo inayorudishwa, mwaka wa nne huu. Mteja akirudisha, boksi linakuja mezani kwangu, nalifungua, nakagua kama kilichorudi ndicho kilichotoka. Maana wapo watu wananunua orijino, wanarudisha feki. Kwa hiyo haya ninayosema nayashika kwa mikono yangu kila siku.

Tuanze na ule ukurasa wenyewe. Jamani, Louis Vuitton hawapunguzi bei. Hawana msimu wa punguzo, hawana duka la kumalizia stoku ya mwaka jana. Ukiona mtu anajiita duka lao rasmi na ameandika asilimia 80 chini, funga. Chanel nao, mtandaoni wanauza manukato, vipodozi, miwani. Pochi yao mpya unaifuata dukani kwa miguu yako. Mtu akikuambia, "Hii ni tovuti ya Chanel, weka pochi kwenye kikapu ulipie," ameshakuambia kwamba yeye siye. Hilo huhitaji utaalamu wowote kulijua, na lingeokoa hela za watu wengi sana wanaoniandikia.

Sasa ile pochi. Nilimwambia da' mkubwa, "Igeuze, nionyeshe mbele na nyuma." Zile herufi za LV zilizochorwa juu yake zote zimesimama wima, mbele na nyuma, na chini kuna mshono umekata katikati. Sikilizeni hapa. Speedy ya kawaida ya monogramu, yaani ile ya kahawia yenye herufi za LV na maua, hukatwa kwa kipande kimoja, kinatoka mbele, kinapita chini, kinapanda nyuma. Ni kama fundi anayekushonea gauni la kitenge cha ndege bila kukata begani: ndege wa mbele wakitazama juu, wa nyuma watatazama chini. Basi upande mmoja wa Speedy zile herufi za LV lazima ziwe kichwa chini. Watu wanaona hivyo wanadhani ni kosa, wanairudisha! Nimeshapokea boksi namna hiyo, mteja kaandika "imeshonwa vibaya." Haikushonwa vibaya, ndivyo ilivyo.

Na jambo jingine linalowashangaza wengi: ile sehemu ya kahawia yenye maua si ngozi. Ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki juu, na mchoro wenyewe ni wa mwaka 1896. Ngozi halisi iko kwenye mikono na kingo, ngozi isiyotiwa rangi, ikiwa mpya ni nyeupe-nyeupe ya maziwa, halafu jua na jasho la mkono vinaigeuza taratibu rangi ya asali. Mtu akikuuzia Speedy "iliyotumika miaka kumi" na mikono bado nyeupe kama maziwa, muulize. Inawezekana imebadilishwa, lakini muulize.

Da' mkubwa akanionyesha kikadi, kimeandikwa kwamba mkoba ni halisi. Kwa sauti ya chini akaniambia, "Lakini kadi ipo!" Nikasikia uchungu, kwa sababu hicho kikadi ndicho kilichomtia imani. Louis Vuitton hawatoi kadi ya namna hiyo kabisa. Chanel walikuwa wanatoa, namba yake ikilingana na ya stika ndani ya pochi, lakini tangu 2021 wameweka kibati chenye chipu. Kwa hiyo "Chanel mpya ya mwaka huu, ina kadi yake" ni sentensi inayojipinga.

Mwisho nikamwambia ainuse. Akakaa kimya, kisha akasema, "Inanuka gundi."

Dada zangu, mimi ningeweza kukaa hapa mpaka asubuhi nawafundisha mishono na zipu, na bado mkatapeliwa, maana kupitia picha hata mimi hukosea. Wenye pochi feki wanaiba picha za pochi halisi. Kwa hiyo ukinunua kitu cha bei kubwa mtandaoni, kitu cha kwanza unacholipia ni uwezo wa kukirudisha. Pochi yenyewe inafuata. Huku Ulaya sheria inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu mzigo umfikie, anarudisha bila kueleza sababu, na muuzaji anamrudishia hela yake. Lakini sheria hiyo inamgusa muuzaji mwenye biashara. Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza pochi yake ya kabatini, siku 14 huna. Na ukituma hela kwa simu kwenda namba ya mtu usiyemjua, huna chochote. Lipa kwa kadi, ili benki iwe na mahali pa kuanzia ukilalamika.

Mnaniuliza sana kuhusu mtumba wa kifahari. Naupenda. Vestiaire Collective, mtandao wa kuuziana mitumba hiyo, walianza Paris mwaka 2009, na pale unaweza kuchagua mzigo upitie kwanza kwa wakaguzi wao kabla haujaja kwako. Inaongeza gharama kidogo, ilipe. Kuna njia ya mzigo kutoka kwa muuzaji moja kwa moja, na watu wanaichagua kwa sababu ni ya haraka. Kwa pochi ya kwanza usiichague.

Nguo niziseme upesi, zinarudi nyingi kuliko pochi, na karibu zote ni saizi. Gauni la Italia likiandikwa 44, la Ufaransa ni 40, la Uingereza 12, la Marekani 8. Mwili ni ule ule. Usiniandikie "navaa 12." Chukua futi ya fundi cherehani, pima kifua, kiuno na nyonga, nitumie sentimita. Sisi wengi nyonga zetu hazikubaliani na kiuno cha lebo, na gauni la hariri haliongezwi likishabana.

Na mnaokuja kutembea huku, naomba msinunue zile pochi zinazotandazwa chini barabarani. Wanaouza mara nyingi ni vijana wenzetu wa Afrika, wanatafuta riziki, mimi nawasalimia kila siku. Lakini Italia humtoza faini hata mnunuzi wa bidhaa bandia, na inaweza kufika euro 7,000. Mgeni wa wiki mbili ataitoa wapi?

Basi, da' mkubwa. Ile hela haitarudi, namba ile haipokelewi tena. Mimi na kaka tumechanga, nimemtafutia Speedy ya mtumba, imepita kwa wakaguzi, halafu ikapita kwangu mezani hapa jikoni. Herufi za nyuma ziko kichwa chini. Mikono imeshakuwa asali. Yeye hajui, kwa hiyo hii video nitaipandisha ikishamfikia.

Inaondoka Jumamosi na mama mmoja anayerudi Tanga. Risiti nimeiweka kwenye mfuko wa nje, aionyeshe forodha wakimuuliza, maana nyumbani kuna ushuru na juu yake VAT asilimia 18, na hiyo nimeshampa mkononi ili isimkute hana. Ndani nimejaza karatasi laini isilale. Na juu naifunga kwa kanga, ile aliyonipa uwanja wa ndege siku naondoka. Ngojeni nigeuze kamera muone ninavyoifunga.