Tumsikilize Msimulizi Mwenye Wazimu

Ndugu zangu, msomaji akishagundua kwamba msimulizi ana wazimu, mara nyingi huacha kumsikiliza. Kila neno linalomtoka huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Mimi nawasihi tusome kwa namna nyingine, kwa sababu msimulizi wa aina hii hupotea zaidi anapofasiri mambo kuliko anapotaja alichokiona.

Chukueni hadithi ya mwandishi Mmarekani Charlotte Perkins Gilman ya mwaka 1892. Mke anapumzishwa katika chumba cha juu chenye karatasi ya manjano ukutani. Mumewe, ambaye ni daktari, hataki aandike, basi anaandika kwa kujificha. Siku moja anaona mchirizi chini ukutani, umezunguka chumba kizima, kama vile kitu kimesuguliwa pale tena na tena. Anajiuliza ni nani aliyeufanya. Akiona kitanda kimetafunwa, anawataja watoto waliowahi kukaa humo. Mistari michache mbele, anakiuma mwenyewe kwa hasira. Mwishowe anatambaa sakafuni, na anatuambia bega lake linaenea barabara katika ule mchirizi. Mchirizi upo kweli, wala macho yake hayakumdanganya. Hakutambua tu kwamba ni wake! Na Gilman aliyajua haya kwa mwili wake: daktari alimwamuru apumzike na asiguse kalamu tena maishani.

Muuaji anayesimulia hadithi ya Mmarekani mwingine, Edgar Allan Poe, ya mwaka 1843, anajitetea kwamba ana akili timamu, na ushahidi wake ni kwamba alitumia saa nzima kupenyeza kichwa chake mlangoni pa chumba cha aliyemuua. Utaratibu wenyewe ndio unaotisha. Karani katika hadithi ya Gogol, mwandishi Mrusi wa karne ya 19, naye anaandika kwenye shajara yake tarehe 43 Aprili, mwaka 2000. Hapo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini anayenikosesha usingizi ni mwandishi Mchina Lu Xun, kwa hadithi yake ya 1918. Mtu anaandika katika shajara yake akiamini kwamba jirani zake, hata kaka yake, ni walaji watu. Anafungua kitabu cha historia kilichojaa maneno ya maadili, na katikati ya mistari anasoma "kula watu". Kabla ya shajara hiyo kuna utangulizi mtulivu wa rafiki wa zamani: mgonjwa alishapona, na ameondoka kwenda kushika wadhifa serikalini. Amepona, yaani amerudi mezani pamoja na wale wale aliowaogopa.

Tuanze majadiliano hapo. Kati ya mgonjwa na huyo rafiki aliyeandika utangulizi, ninyi mnamwamini nani?