Neno la kwanza: pangaboi

REHEMA: Kaka Kombo, kabla hujafungua hiyo karatasi yako ya mambo matatu kuhusu mtoto anavyojifunza kuongea, nina habari. Mwanangu Nasri ameongea.

KOMBO: Wacha wee!

REHEMA: Jumanne mchana. Lile joto unalijua. Umeme ukakatika, pangaboi likapunguza mwendo, likazunguka kwa uvivu mpaka likasimama. Nasri alikuwa amesimama dede, kashika mguu wa kiti. Akatazama juu, akanyoosha kidole, akasema "bo!" Kisha akageuka akaniangalia usoni, akarudi kuangalia juu. "Bo!"

KOMBO: Neno la kwanza, pangaboi. Na bibi yake wa Tanga, aliyekuwa anamfundisha "bibi" kwenye simu?

REHEMA: Amenuna. Anasema pangaboi halijawahi kumpakata mtu.

KOMBO: (anacheka) Ana haki yake. Lakini Mama Nasri, nakupongeza, ila hilo bado si neno. Mtoto wa miezi 10 yuko katikati ya kubwabwaja. Kuanzia miezi 6 au 7 hivi wanaanza bababa, dadada, mamama. Ulimi unazoea kazi. Hiyo "bo" amewahi kuisema kwa kitu kingine?

REHEMA: Kwa kijiko, hapana.

KOMBO: Kwa mpira? Kwa paka?

REHEMA: Kwa paka wa jirani, jana.

KOMBO: Haya basi! Paka naye ni pangaboi.

REHEMA: Paka alikuwa anazunguka, Kombo! Anafukuza mkia wake. Mtoto ameona kitu kinachozunguka akakiita jina la kitu kinachozunguka. Mimi hapo naona akili, sioni kubwabwaja.

KOMBO: Kwa neno mimi nataka sauti ileile, kwa kitu kilekile, siku baada ya siku. Lakini sikiliza, kilichonifurahisha mimi ni kile kidole. Na yale macho kutoka kwenye pangaboi kuja kwako, kisha kurudi. Hilo linakuja kati ya miezi 9 na 12, na ni kubwa kuliko "bo" mia. Mtafiti wa lugha ya watoto, Elizabeth Bates, na wenzake waliliandika miaka ya 1970: kuna kidole cha kuomba, "nipe," na kuna kidole cha kuonyesha, "tazama." Nasri hakutaka umpe pangaboi.

REHEMA: Alitaka tulitazame wote.

KOMBO: Ndiyo. Ameshajua kwamba kichwani mwako kuna kitu anachoweza kukigusa. Maneno yatakuja kukaa juu ya hapo.

REHEMA: Na mimi nilimjibu. "Eeh mwanangu, pangaboi limezima, umeme umekatika." Ndiyo maana siku hizi nimemwomba dada anayenisaidia asimwekee katuni. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, mwaka 2003, kule Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 wa nyumba za Kiingereza. Kundi moja likachezewa na kusomewa na mtu wa Kichina cha Mandarin, mara 12, mtu mzima wa nyama na damu. Kundi jingine likapata Kichina hichohicho kwenye televisheni. Wale wa mtu wakabaki wanatofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakupata kitu. Mtoto anataka anayemjibu. Kwa hiyo msikilizaji, ongea na mtoto tangu siku ya kwanza, mchana kutwa.

KOMBO: Mchana kutwa hapo ndipo tunapoachana.

REHEMA: Nilijua.

KOMBO: Mtafiti Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kisii, Kenya, miaka ya 1970, wakawalinganisha na akina mama wa Boston, Marekani. Mtoto akitoa sauti, mama wa Boston anamjibu kwa maneno na macho. Mama wa Kisii anambeba, anamnyonyesha, anamtuliza. Hampigishi soga. Na Wakisii wanaongea au hawaongei?

REHEMA: Wanaongea sana.

KOMBO: Mama yangu pale Wete alikuwa na mtoto mgongoni na ungo wa dagaa kichwani. Unataka amsimulie mtoto bei?

REHEMA: Alikuwa anawasimulia wateja bei, na wewe mgongoni unasikia!

KOMBO: Ndiyo hoja yangu! Nilisikia, sikusemeshwa. Unakumbuka ule utafiti wa vilio wa mwaka 2009? Vichanga 60 wa siku chache tu, wa Kifaransa na wa Kijerumani. Wa Kifaransa vilio vyao vinapanda, wa Kijerumani vinashuka, kama mama zao wanavyoongea. Nani alikuwa anawasemesha tumboni?

REHEMA: Utafiti huo uko upande wangu, Kombo. Kama anachota hata tumboni, kwa nini umnyime akitoka? Na kwenye kijiji cha Wamaya kule Yucatán, Meksiko, walipima: maneno ambayo watu wazima wanamwambia mtoto mwenyewe ndiyo yaliyotabiri atakuwa na maneno mangapi baadaye. Ya kusikia pembeni, hapana.

KOMBO: Na Wamaya wengine, Watseltal wa Chiapas, Meksiko hukohuko, mtoto mdogo anaelekezewa maneno kwa dakika chini ya 4 kwa saa. Wanabwabwaja kwa wakati, neno la kwanza kwa wakati.

REHEMA: Kwa wakati, sawa. Mimi naulizia utajiri wa maneno yake.

KOMBO: Na mimi naulizia mama anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku, anaambiwa mwanawe atakuwa mjinga kwa sababu hakuongea naye mchana kutwa. Simtwishi huo mzigo.

REHEMA: Simtwishi mzigo. Namwambia akimbadilisha nguo amwambie "leta mguu." Bure.

KOMBO: Ulisema mchana kutwa.

REHEMA: Na sijaifuta.

KOMBO: Wala mimi. Mhandisi wetu ananionyesha saa, na karatasi haijafunguliwa. Kulikuwa na nyumba zenye lugha mbili, kulikuwa na vitabu...

REHEMA: Soma moja tu.

KOMBO: Masikio. Mtoto anayesikia vizuri, kwa kawaida anakuwa ameanza zile bababa kabla hajatimiza miezi 11. Asiyesikia huchelewa, ingawa miezi ya mwanzo analia na kutoa visauti kama wengine, na hapo wazazi wanapotea. Akiwa nyumba ya lugha ya alama atabwabwaja kwa vidole. Kwa hiyo mlango ukibamizwa mtoto asishtuke, au umwite kwa nyuma asigeuke, nenda kliniki, omba masikio yapimwe.

REHEMA: Na usikubali kuambiwa "wavulana huchelewa, subiri." Unapoteza miezi.

KOMBO: Hapo tumekubaliana. Wiki ijayo, lugha mbili.

REHEMA: Na pangaboi.

KOMBO: Pangaboi na paka.