Mbona nahama timu kila mwaka? Leo najibu

Habari zenu wanangu, shikamooni wakubwa wote mnaoangalia, mama zangu wa Upanga nawaona kwenye komenti. Kwa wageni, mimi ni Mtanzania, nacheza kikapu cha kulipwa huku Ulaya. Leo siendi mbali. Swali ni lilelile kila video: kaka mbona kila mwaka timu mpya, una ugomvi na makocha au kiwango kimeshuka? Na kuna mmoja kaandika, chuoni Marekani ulikuwa nyota, picha yako ilibandikwa ukutani, leo unacheza kijijini, si urudi tu nyumbani. Haya, najibu. Ila msiseme najisifu na msiseme nalialia, maana ile video ya gari mlisema najisifu, ya baridi mkasema nalia, sasa mnataka niongee nini?

Na lile gari si langu. La klabu. Lina matangazo ya mdhamini ubavuni, msimu ukiisha narudisha funguo na nyumba narudisha. Binamu yangu alipiga skrinishoti akaituma kwenye grupu la familia, wiki hiyohiyo nikaombwa ada za watoto wawili ambao hata majina yao nilikuwa siyajui. Iliniuma, nasema ukweli.

Sasa kuhusu kuhama. Huku chini, kwenye madaraja tunayocheza wengi wetu, mkataba ni wa msimu mmoja. Siyo mimi tu, karibu kila mgeni hivyohivyo. Unaanza Agosti au Septemba, unamaliza Aprili au Mei, na pesa inaishia hapo. Mkataba wangu wa kwanza Ureno baada ya kumaliza chuo 2019 ulikuwa euro 1,200 kwa mwezi, mkononi. Najua mshaanza kupiga hesabu ya shilingi, subirini kwanza. Ni miezi minane. Jumla euro 9,600, na hiyo inatakiwa ikufikishe msimu ujao, yaani ukigawa kwa miezi kumi na mbili ni 800, na kuna nauli, na kuna mama, na kuna goti linalotaka tiba wakati bima ya klabu imeshaisha. Halafu Machi 2020 korona ikaja, ligi ikasimama, tukaambiwa rudini kwenu. Mimi nikarudi Dar, viwanja vya Don Bosco, nikafanya mazoezi na vijana pale mwaka mzima bila timu. Hapo hamkuuliza.

Baada ya hapo Kosovo, halafu Georgia misimu miwili, Georgia ya Tbilisi siyo ya Atlanta. Klabu moja kati ya hizo nilizopitia inanidai, hapana, mimi ndo naidai, mishahara ya miezi mitatu mpaka leo. Mtaniambia kashitaki. Ipo mahakama ya usuluhishi ya kikapu, inaitwa BAT, iko Geneva, FIBA waliianzisha 2007 kwa ajili ya kesi kama hizi. Lakini mkataba wako lazima uwe na kifungu kinachosema mgogoro utaenda kule. Wangu haukuwa nacho, na wakala wangu wa kipindi hicho hakuniambia, alichukua asilimia zake akaacha kupokea simu. Na hata ukiwa na hicho kifungu, kufungua kesi kuna ada, sa unatoa hela ambayo hujalipwa kudai hela ambayo hujalipwa. Mdogo wangu unayeniuliza inboksi kuhusu mkataba, angalia hicho kifungu kabla hujaangalia mshahara. Ni mimi nakwambia kwa yaliyonikuta, wa kwako atakaeusoma ni mwanasheria, mi siyo mwanasheria.

Iliyoniumiza kuliko zote ni Ujerumani, mwaka jana, 2025. Timu ilinitaka, kocha kanipigia mwenyewe, tukakubaliana euro 1,500 kwa mwezi. Nikaaga watu. Kumbe kule sheria inasema mwanamichezo wa kulipwa kutoka nje ya Ulaya ili apewe kibali lazima mshahara wake kabla ya makato ufike nusu ya kile kiwango cha juu wanachokatia michango ya pensheni. Kwa 2025 kiwango kilikuwa euro 8,050 kwa mwezi, nusu yake 4,025. Mimi na 1,500 yangu nafika wapi? Klabu yenyewe haikujua, au ilijua ikanyamaza. Nikakaa Dar naambiwa subiri kidogo, subiri kidogo, mpaka ligi ikaanza bila mimi. Na Mmarekani tuliyekuwa tunagombea naye nafasi anaingia Ujerumani bila viza, anaomba kibali akiwa kulekule anafanya mazoezi na timu. Mi lazima nianzie foleni ya ubalozi. Kikapu ni kilekile, ringi ina futi kumi kwake na kwangu.

Lakini pasipoti yetu nayo imenisaidia, tuseme ukweli wote. Ligi za Hispania na Ufaransa kwa miaka mingi zimekuwa zikimhesabu mchezaji wa nchi zilizosaini mkataba wa Cotonou wa 2000, ule wa Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na Tanzania tumo, tofauti na Mmarekani, hajazi zile nafasi chache za wageni ambazo Mmarekani anazijaza. Ndo maana niko hapa Galicia, Hispania.

Ila makaratasi sasa! Hispania wanataka cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miaka mitano ya nyuma. Kila nchi. Yaani mnaouliza kwa nini nahama hamjui kwamba kila nikihama naongeza cheti. Na mimi nimeishi Kosovo, na Hispania haiitambui Kosovo kama nchi, karatasi yangu ikawa inazungushwa dirisha hadi dirisha, mara itafsiriwe upya, mara irudi. Wiki sita hizo.

Na kitu kingine, naomba muache kumtaja Hasheem Thabeet kwa kebehi kwenye komenti zangu. Mtoto wa Dar kachaguliwa wa 2 drafti ya NBA ya 2009, yaani pale timu za ligi kubwa ya kikapu Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, James Harden wa 3, Curry wa 7. Mmeng'ang'ania hilo la Curry tu, kwamba kachaguliwa nyuma yake akaja kuwa nyota mkubwa. Drafti ina nafasi 60 kwa dunia nzima, na vyuo vya daraja la kwanza Marekani peke yake vimezidi 350, kila kimoja kina nyota wake ambaye kwao wanamwona mfalme. Mimi jina langu halikuitwa kabisa. Hasheem kapita timu za NBA za Memphis, Houston, Portland, Oklahoma City, halafu kaenda Japan na Taiwan kuendelea na kazi. Mnaita hiyo kufeli? Mtu anayekubali kupanda ndege kwenda kuanza upya na watu asiojua lugha yao, akiwa ameshafika juu kule, mimi namheshimu sana.

Haya muda umeenda, mazoezi saa mbili usiku. Keshokutwa nna miadi ya alama za vidole, sheria inakupa mwezi mmoja tangu uingie uombe kadi ya ukaazi ila miadi yenyewe nimeitafuta mtandaoni usiku na mchana, imepatikana mji wa pili. Nimeshapanga bahasha: picha, fomu, risiti ya ada, kopi za pasipoti, na kile cheti cha Kosovo nimekibeba pia, hata kama hawajakiomba.