Sayansi au Uhandisi? Kwa Wadogo Zangu wa Mtwara Mnaojaza Fomu

Wakusini wenzangu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Hapa Houston ni saa tatu usiku, huko Mtwara alfajiri inakaribia. Nimekaa jikoni na simu tu, maana hili siwezi kulingojesha mpaka wikiendi.

Mtoto wa dada yangu, yuko Chikongola, kamaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu) na matokeo yake ni mazuri, mashallah. Jana kaniandikia: "Mama mdogo, kwenye fomu ya chuo cha Marekani niweke kemia au uhandisi wa kemikali? Si ni kitu kimoja?"

Mwanangu, si kitu kimoja. Mimi hilo swali limenila mwaka mzima.

Nilipokuja huku nilijaza kemia. Mwaka wa pili nikataka kuhamia uhandisi. Ofisini wakaniambia uhandisi una kitivo chake na taratibu zake za kuingia, nafasi ni chache, tena kuna masomo ya mwaka wa kwanza sikuyachukua. Nilihama mwishowe, lakini kwa kuongeza mwaka, na ada ya mwaka mmoja ya mwanafunzi wa kigeni usiitaje mbele ya mzazi anayesubiri mnada wa korosho.

Vyuo vingi vya huku viko hivyo. Kutoka uhandisi kwenda sayansi hawakusumbui sana. Kutoka sayansi kwenda uhandisi, unapanda mlima. Kwa hiyo kama moyo umegawanyika nusu kwa nusu, na chuo kinakutaka uchague tangu kwenye maombi, anza na uhandisi. Hesabu, fizikia na kemia za mwaka wa kwanza utazisoma vilevile.

Sasa tofauti yenyewe. Fikiria pale Madimba, kwenye kiwanda cha kusafisha gesi. Gesi ya Mnazi Bay inatoka ardhini na maji ndani yake. Maji yale na gesi, vikikutana na mgandamizo mkubwa na ubaridi, vinaganda kama barafu na kuziba bomba. Mkemia ndiye anayekuambia kwa nini vinaganda, molekuli zinashikanaje, na kwenye joto gani. Mhandisi anachukua jibu hilo anauliza: mtungi wa kukaushia gesi uwe mpana kiasi gani, chuma chake kinene vipi, na pampu ikizima saa nane usiku nani yuko salama? Mimi niligundua kwamba usiku nilikuwa nawaza mtungi. Wewe unawaza nini? Hilo siwezi kukujibia.

Na wanaoomba vyuo vya nyumbani nanyi msikilize. Shahada ya uhandisi huko ni miaka 4, shahada nyingi za sayansi ni 3. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka shahada ya uhandisi. Ukisoma kemia ukafaulu vizuri kupita wote, bado hawatakusajili kuwa injinia. Nawaambia sasa kwa sababu wengi wanalijua hili wakiwa tayari wana cheti mkononi.

Lakini mjomba wangu mmoja ana maneno ya "sayansi ni ya kwenda kufundisha tu", na hapo, mjomba, kwa heshima zote, nakataa. Kwanza kufundisha si kazi ndogo. Mimi fizikia nilifundishwa na mtu. Pili, nendeni Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Wanaokaa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wanaotafuta mbegu inayostahimili ugonjwa, ni wanasayansi. Nakumbuka Newala asubuhi za kupuliza dawa mikorosho, baba kafunga kitambaa puani, salfa imemganda kwenye nyusi kama unga wa muhogo. Kujua ule ukungu unashika ua la mkorosho lini, ni sayansi. Kuifanya mashine irushe unga wa salfa mpaka kileleni bila kumvunja mgongo aliyeibeba, ni uhandisi. Baba alivihitaji vyote viwili kwenye shamba moja.

Kwa hiyo mwanangu, jina la kozi liache kwanza. Ingia tovuti ya chuo, pakua orodha ya masomo ya kemia ya miaka yote, na ya uhandisi wa kemikali. Soma ya mwaka wa tatu hasa, maana huko ndiko zinakoachana: kwenye kemia wanachambua muundo wa molekuli, kwenye uhandisi wanapiga hesabu za joto na mtiririko kwenye mabomba. Weka alama kwenye somo ambalo ungelisoma hata kama halina mtihani. Nitumie zote mbili kabla ya Ijumaa. Nitakupigia saa tatu usiku ya huko, mama yako awepo, na fomu tutaijaza pamoja.