Asilimia ya Nini? Daftari la Uthamini Kabla ya Kiwango cha Kodi

Waheshimiwa madiwani, watendaji, nanyi wananchi mliokwenda kujibanza viti vya nyuma, nashukuru kwa nafasi. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na nimemwona mheshimiwa mmoja akikunja uso nilipoinuka. Anivumilie. Nitaacha kulisema siku litakapofanyika.

Mezani mna orodha ya kazi: lami, mitaro, taa za barabarani. Kando yake kuna pendekezo la kupandisha kiwango cha kodi ya majengo ili fedha zipatikane. Tangu asubuhi mnavutana juu ya kiwango: kiongezwe nusu asilimia, kiongezwe robo. Hakuna aliyeuliza: asilimia ya nini?

Kiwango peke yake hakina maana. Kinazidishwa na thamani, na thamani inatoka kwenye daftari la uthamini, yaani orodha rasmi ya thamani ya viwanja na majengo. Daftari likiwa la zamani, mnapandisha kiwango juu ya uongo, na uongo nao unapanda.

Tazameni Nairobi. Kule kinachotozwa ni thamani ya ardhi, jengo halihesabiwi. Daftari la 1982 liliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 30. Bei za viwanja zikaruka, daftari likakaa palepale, na wakubwa wa jiji wakawa wanafukuzia mapato kwa kupandisha kiwango, mpaka kikafika asilimia 34. Thelathini na nne! Mgeni akisikia atadhani ni unyang'anyi wa mchana, kumbe ni asilimia 34 ya bei ambayo hakuna anayeikumbuka. Lilipoanza kutumika daftari jipya lililoandaliwa 2019, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.115. Na bado wapo waliolalamika kwamba bili zao zimepanda!

Walilalamika kwa sababu daftari likizeeka halizeeki sawa kwa wote. Mtaa uliokuwa vichakani siku mthamini alipopita leo una maghorofa ya biashara, lakini kwenye daftari bado ni vichaka. Mtaa uliokuwa na hadhi enzi hizo umechakaa, ila unatozwa kwa hadhi ile ile. Kwa hiyo wa mtaa uliochakaa anamlipia mwenye ghorofa. Ukipandisha kiwango bila kugusa daftari, unamwongezea mzigo yule yule aliyekuwa anaonewa. Halafu mnashangaa watu hawalipi kwa hiari.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hayo ni matatizo ya kwetu huku, wenzetu walishayamaliza. Wapi? England mpaka leo inapanga kodi ya nyumba kwa thamani ya Aprili 1991. Ujerumani ilitumia thamani za 1964 upande wa magharibi, na za 1935 upande wa mashariki, mpaka Mahakama ya Katiba ilipotamka mwaka 2018 kwamba jambo hilo halikubaliki. Utaratibu mpya ukaanza 2025. California nao mwaka 1978 walipiga kura thamani ya kutozea isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Matokeo yake majirani wawili wenye nyumba zinazofanana wanaweza kulipa kodi zinazopishana mara kadhaa, kwa sababu mmoja alinunua mapema.

Hao wote wana wathamini wa kutosha. Wanachokosa ni ujasiri. Uthamini mpya ukifanyika, aliyepandishiwa anapiga kelele hadi ofisini kwenu, na aliyeshushiwa anakaa kimya kabisa, hata kura hakupi. Waheshimiwa, mnajua ninachosema.

Kuna wanaosema uthamini ni ghali. Wa nyumba moja moja, ndiyo. Lakini Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, kuanzia 2020, walitumia picha za setilaiti na mfumo wa alama, kila jengo likipewa alama kwa ukubwa wake, paa, mahali lilipo, huduma zilizopo. Haukuwa uthamini wa kitaalamu wa kila mlango, ila mwenye jumba akaanza kuonekana ni mwenye jumba. Tanzania tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme, kiasi kimoja kwa kila nyumba ya kawaida. Kukusanya ni rahisi, sikatai. Lakini nyumba mpya na ile inayobomoka zinahesabiwa sawa, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji.

Na kabla hamjaniuliza habari za mjane mwenye nyumba kubwa na kipato kidogo: yuko, na hili lina jibu. Kodi yake iahirishwe, iandikwe kama deni juu ya nyumba, ilipwe nyumba ikiuzwa au ikirithiwa. British Columbia kule Kanada wana utaratibu kama huo kwa wazee. Ninachokataa ni mjane kutumiwa kama ngao na watu wenye viwanja kumi.

Naona mwenyekiti anatazama saa. La pili, kwa haraka. Lami ikipita mbele ya kiwanja, bei inapanda kabla mwenyewe hajashika hata jembe. Sehemu ya faida hiyo irudi kulipia lami. Kolombia wana mchango wa namna hiyo kisheria tangu 1921. Ila usizidi faida yenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ilishalisema hilo mwaka 1898.

La tatu, matengenezo. Orodha yenu ina gharama za kusimamisha taa, haina hata mstari mmoja wa umeme wala balbu. Hili lilihitaji nusu saa yake.

Basi ombi langu ni dogo. Msipige kura ya kiwango leo. Mwiteni mthamini kikao kijacho, aje na daftari, na ukurasa wa kwanza kufunguliwa uwe ule wenye nyumba zenu nyinyi madiwani. Nipo tayari kwa maswali, hata ya yule aliyekunja uso.