Rimu ya Inchi 14 Katika Skeli ya 1/24

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, hapa Kampala. Mezani kwetu leo ipo bodi ya gari dogo la mfano, Datsun 240Z, ambayo Fundi ameikata na kuiunganisha mwenyewe kutoka kwenye karatasi za plastiki. Fundi, kwa nini gari hili?

FUNDI: Asante, Mwalimu. Nililichagua kwa ajili ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda Safari Rally kwa gari la aina hii mwaka 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Nataka watoto wetu waone gari hilo lilivyokuwa hasa, na kwa hiyo siwezi kukubali vipimo vya kubahatisha.

MWALIMU: Basi tuanzie hapo kwenye vipimo.

FUNDI: Katika gari halisi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,305. Mfano wangu ni wa skeli ya 1/24, yaani kila kipimo cha gari halisi hugawanywa kwa 24. Ukigawanya kwa 24 unapata 96, na ukigawanya kwa 25, yaani skeli ya 1/25, unapata 92. Hizo milimita nne zinatosha kuharibu kazi yote, kwa sababu ukifunga sakafu ya 1/25 chini ya bodi ya 1/24, magurudumu yatasogea na kukaribia kingo za madigadi. Skeli hizi mbili huchanganywa mara kwa mara, kwani watengenezaji wengi wa Marekani wamezoea 1/25, ilhali wa Japani hutumia zaidi 1/24, ambayo ni sawa na nusu inchi kwa kila futi.

MWALIMU: Na kwa hesabu, urefu ukitofautiana kwa asilimia 4 tu, ujazo hutofautiana kwa takriban asilimia 13. Ndiyo maana injini huonekana imepwaya hata kabla mtu hajaipima.

FUNDI: Umesema kweli. Ila kilichonisumbua zaidi ni rimu, ile sehemu ya gurudumu inayobeba tairi. Nilinunua nne kutoka duka moja, boksi limeandikwa 1/24 waziwazi, nikazipaka rangi kwa siku mbili. Nilipozisimamisha kando ya bodi, gari likafanana na la kisasa lililoshushwa chini. Nilichukua vernia, kile kipimio cha vitu vidogo, nikapima kipenyo cha ukingo wa nje: milimita 19 na nusu.

MWALIMU: Kwa hiyo boksi lilikosea?

FUNDI: Hapana, Mwalimu, na hapa ndipo pana somo lenyewe. Datsun ile ilivaa rimu za inchi 14. Inchi hizo hupimwa pale tairi linapokalia, si kwenye ukingo, na ukingo huongeza takriban milimita 35 kwa kipenyo kizima. Inchi 14 ni milimita 356. Ongeza 35, gawanya kwa 24, utapata 16 na robo hivi. Zile nilizonunua zilikuwa za 1/24 kweli, lakini za gari lenye rimu za inchi 17.

MWALIMU: Yaani skeli ilikuwa sahihi, ila kitu chenyewe kilikuwa kingine.

FUNDI: Ndivyo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza skeli ya kipande, nauliza kwanza kitu halisi kilikuwa na ukubwa gani. Na swali hilo hilo ndilo lililoniokoa. Rimu ya inchi 15 katika skeli ya 1/25 hutoka na ukingo wenye kipenyo cha milimita 16 na nusu na zaidi kidogo, na nilikuwa nazo kwenye kopo la vipande vya zamani. Nikazipunguza kwa msasa laini, nikigeuza polepole juu ya kioo, zikakaa.

MWALIMU: Je, kila kipande kinahitaji ukali huo?

FUNDI: Hapana. Betri na mtungi wa kuzimia moto vina saizi nyingi hata kwenye magari halisi, kwa hiyo cha 1/25 kinapita bila shida. Viti na usukani havisamehewi, kwa sababu kila mtazamaji anaujua mwili wa binadamu. Mtu wa mita 1.75 huwa milimita 73 katika 1/24. Nimekata mtu wa kadibodi wa kimo hicho, mwenye nyonga na magoti yanayokunjika, na kila kiti lazima akikalie kwanza. Akikalia hiki cha kulia, kwa mfano, kichwa chake kinagusa paa.

MWALIMU: Utakishusha?

FUNDI: Nitakata milimita mbili chini ya kikalio usiku huu, kisha nimkalishe tena.