Hela mezani, ndipo funguo
(Mazungumzo na madereva wa bodaboda, Mbagala, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamjaitika kote, habari za saa hizi.

Katibu wenu kaniambia nizungumzie usalama wa mali. Mali ni neno pana, mimi nitashika jambo moja: siku unauza pikipiki yako, mnunuzi anakuja, anaizunguka mara mbili, halafu anasema, "Mzee, naomba niizungushe kidogo niisikilize." Funguo unampa au humpi?

Nasikia "humpi" nyingi huko nyuma. Basi sikilizeni. Mwaka 2016 nilikuwa nauza Boxer yangu, BM 150, hapa hapa Mbagala. Akaja kijana mtanashati, kapakiwa kwenye bodaboda. Wakashuka wote wawili, wakaikagua wote wawili. Yule aliyemleta akainama, akavuta cheni kwa kidole, akatikisa kichwa kama fundi. Kijana akaomba kuizungusha. Nikamtazama mwenzake kakaa kivulini juu ya pikipiki yake, nikajisemea, si huyu hapa? Nikatoa funguo. Robo saa ikapita. Nusu saa. Mwenzake akanifuata taratibu: "Mzee, huyu ndugu yako atanilipa saa ngapi? Nimemtoa Tandika." (Kicheko.)

Chekeni tu, nimezoea.

Pamoja na hayo nawaambia: mpeni. Pikipiki iliyosimama haisemi kitu. Klachi inayoteleza utaijulia mlimani, gia ya tatu, injini inalia na mwendo hauongezeki. Gia inayoruka, breki isiyoshika vizuri, shokapu iliyokufa, vyote hivyo vinataka barabara. Mnunuzi anayejua kazi ukimnyima kujaribu hagombani na wewe. Anajumlisha kichwani kila ubovu anaoweza kuufikiria, anaukata kwenye bei. Hapo umeuza pikipiki nzima kwa bei ya mbovu, kisa woga.

Na mkishapatana aje asubuhi, usiiwashe kabla hajafika. Mnunuzi mjuzi kitu cha kwanza anaweka kiganja kwenye injini. Akikuta ya moto, moyoni keshasema: huyu kaipasha kwa sababu ikiwa baridi haiwaki. Muache apige kiki mwenyewe. Moshi wa bluu ukitoka, oili inaungua, ringi zimechoka; mwambie kabla hajakwambia.

Sasa masharti. La kwanza ni bei, tena kabla ya funguo. Wapo vijana hawana hata nauli, wanazunguka mitaani kujaribu pikipiki za watu, Jumapili inapita. Mkishapatana bei, hela ihesabiwe yote, akabidhiwe mtu mnayemwamini wote wawili, mwenye duka au mjumbe. Akirudi hajaridhika, anachukua hela yake, mnaagana vizuri. Kukuonyesha salio kwenye simu si kuweka hela. Simu anaondoka nayo mfukoni.

Kuna wanaosema muachie mafuta kidogo asifike mbali. Jamani, nyie ndio mnaendesha! Kwa nusu lita Boxer inavuka Vikindu. Wengine wanasema panda nyuma yake. Mchana, mtaani kwenu, sawa. Magharibi, na mtu usiyemjua, utashushwa mahali hupajui.

Muombe leseni, uisome, uone daraja A. Asiye na leseni akikamatwa, na wewe uliyempa chombo utaulizwa. Bima wengi wetu tunakata ile ya mtu wa tatu. Hiyo inamlipa aliyegongwa. Pikipiki yako hailipiwi hata indiketa. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi, mistari miwili inatosha: akiiangusha, kainunua kwa bei mliyopatana. Na ile kadi ya umiliki mnayoweka chini ya siti, itoeni. Mtu akikimbia na pikipiki pamoja na kadi, umemrahisishia kazi ya kuiuza.

Wenye mikataba, mnaomlipa tajiri pikipiki yake kidogo kidogo, ambao hesabu haijaisha na kadi bado ina jina lake, nyie msiite mnunuzi kabisa. Hilo halihitaji mhadhara.

Maswali? Ndiyo, wewe mwenye kizibao cha kijani.

"Mzee, akikataa kuacha hela, anasema yeye ni mtu mzima, anaheshimika?"

Mwambie wewe pia ni mtu mzima, aache hela tuheshimiane. Akinuna, aende. Wa kweli hanuni, maana na yeye angeuza angefanya hivyo hivyo. Mwingine? Dada pale.

"Ile Boxer ilipatikana?"

Haikupatikana. Na yule wa Tandika nilimlipa mimi, shilingi 3,000.